Safari ya Mtoto kwa Ndege, Sehemu ya Tatu: Kukinga Kigari Kisivunjike

Kigari cha mtoto huumia zaidi kikiwa kimekunjwa. Kikiwa wazi, uzito wa mtoto hushuka kutoka kwenye kiti hadi kwenye fremu, na kutoka kwenye fremu hadi kwenye magurudumu, kama mtengenezaji alivyokusudia. Kikikunjwa, mabomba yale yale hulala ubavu, bawaba huachia, na nguvu yoyote inayotoka juu au pembeni hukuta mahali ambapo hapakuandaliwa kuipokea. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la daraja la kawaida kufikia kilo 23. Mabegi mawili ya namna hiyo yakilazwa juu ya kigari kilichokunjwa, kinachopinda kwanza ni bomba la mbele au kinachopasuka ni kipande cha plastiki kinachoshika bawaba.

Udhaifu huo umetokana na wepesi. Mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza aliyewahi kushiriki kubuni magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, aliomba hataza ya kigari cha mabomba ya alumini kinachojikunja kama mwavuli na kisichofika kilo tatu. Inasimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia baada ya kumwona binti yake, aliyekuja kumtembelea kutoka Moscow, akihangaika na kigari kizito. Vigari vyepesi vinavyouzwa leo madukani vimefuata njia hiyo: bomba jembamba, viungo vingi, komeo dogo la kufungia. Mzazi mwenye mikono miwili hupata nafuu kubwa. Sehemu ya mizigo ya ndege haikuwa akilini mwa mbunifu, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa ndege.

Kigari kinaweza kusafiri kwa njia tatu: kukabidhiwa kwenye kaunta pamoja na mabegi, kukabidhiwa kwenye lango la kupandia ndege, au kuingia na abiria ndani. Kila njia ina hatari zake.

Kigari kinachokabidhiwa kwenye kaunta hupita safari ndefu kuliko zote. Huwekwa kwenye mkanda, huchunguzwa kwa eksirei, huchambuliwa kulingana na ndege, hupakiwa kwenye mikokoteni inayovutwa na trekta dogo, kisha hupandishwa ndegeni kwa mkanda mwingine. Kila penye kona au mteremko, kamba inayoning'inia au gurudumu lililochomoza linaweza kunaswa. Kwa sababu hiyo viwanja vingi huwa na sehemu maalumu ya kupokelea mizigo yenye umbo lisilo la kawaida, na mwenye kigari akiambiwa akipeleke huko asione amesumbuliwa, kwa kuwa mzigo unaopita huko hubebwa zaidi kwa mikono kuliko kwa mikanda.

Ndani ya ndege pia mambo hutofautiana. Ndege kubwa zenye njia mbili katikati ya viti hupakiwa kwa makontena, na mizigo hupangwa humo ndege ikiwa bado haijafika au wakati inashughulikiwa. Katika ndege za njia moja, kama Boeing 737, mabegi hupangwa moja moja, na wapakiaji hufanya kazi wamepiga magoti kwa kuwa dari ni fupi. Muda ni mdogo, na kitu chepesi huingia palipobaki nafasi. Ndege ndogo za safari za ndani, kama ATR 72 na Dash 8 zinazotumika sana Tanzania, zina nafasi ya mizigo iliyobana zaidi, ingawa mzigo wake huwa mchache na hupita mikono michache.

Wazazi wengi huamini kwamba kigari kikikabidhiwa langoni kimekwisha kusalimika. Imani hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kinaepuka mikanda na mashine za kuchambua mizigo, na kwa kawaida hupakiwa mwishoni na kuteremshwa mwanzoni. Lakini kutoka kwenye daraja la kupandia ndege hadi chini hubebwa ngazini na mtu mmoja, mara nyingi dakika za mwisho, na kikifika chini huwekwa sakafuni kikisubiri. Mvua ikinyesha, kitalowa. Tena kigari cha langoni mara nyingi huwa kitupu, hakina mfuko, hakikufungwa kamba, kwa sababu mtoto alikuwa amekikalia robo saa iliyopita. Kwenye viwanja ambako abiria hutembea kwa miguu hadi ndegeni, kigari hukabidhiwa chini ya ngazi ya ndege. Hapo mzazi hukiona kikipakiwa, na hiyo ni nafuu, maana anaweza angalau kuomba kisimamishwe au kilazwe juu ya mabegi.

Kuna pia mashirika yenye masharti juu ya ukubwa na uzito. Baadhi hutaka kigari kikubwa au kizito kikabidhiwe kaunta. Mashirika mengi hayatozi ada kwa kigari kimoja cha mtoto, lakini swali la wapi kinakabidhiwa na wapi kinarudishwa ni tofauti na la ada, na linapaswa kuulizwa peke yake.

Swali hilo huwa zito pale safari inapounganishwa. Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Ulaya kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai anaweza kukabidhi kigari langoni akitarajia kukikuta anapobadilisha ndege, kumbe lebo imeandikwa hadi mwisho wa safari. Atajikuta ana saa nne za kusubiri, mtoto wa miaka miwili aliyelala, na korido isiyokwisha. Lebo isomwe papo hapo: herufi tatu kubwa zinazotaja kiwanja ndizo zinazoonyesha kigari kitateremkia wapi. DXB ni Dubai, DOH ni Doha, ADD ni Addis Ababa. Uwanja wa Dubai huazimisha vigari bure kwa abiria, na mbeleko au khanga imara mkobani hutatua yaliyobaki. Kwa safari ya namna hii, mwenye kigari cha gharama hupata usalama zaidi akikifunga vizuri na kukiacha kaunta hadi mwisho kuliko akikivusha wazi katika malango mawili.

Njia ya tatu, ya kuingia nacho ndani, ndiyo inayokinga kuliko zote, lakini ni ya vigari vichache. Kipimo ambacho jumuiya ya mashirika ya ndege, IATA, hukitaja kama mwongozo wa mzigo wa mkononi ni sentimita 56 kwa 45 kwa 25. Kampuni ya Kifaransa ya Babyzen ilijipatia jina kwa kigari chake cha YOYO, kinachokunjwa hadi kufikia takriban sentimita 52 kwa 44 kwa 18, na watengenezaji wengine wakafuata. Kipimo kukubaliana na mwongozo hakumlazimishi mhudumu wa ndege. Kabati za juu zikijaa, kigari kitateremshwa chini kama mizigo mingine, na kabati za ndege ndogo kama ATR 72 ni finyu zaidi. Hivyo hata mwenye kigari cha kabatini anapaswa kukiandaa kana kwamba kitaishia chini. Ikumbukwe pia kwamba kwenye ukaguzi wa usalama mtoto huondolewa kwenye kigari, nacho hukunjwa na kupitishwa kwenye eksirei, au hukaguliwa kwa mkono kisipoenea.

Maandalizi huanza kwa kupunguza. Kila kinachotoka bila nguvu kitolewe: trei ya vikombe, kofia ya kujikingia jua, kikapu cha chini, toi zinazoning'inia, na hasa magurudumu ya mbele kama yana kitufe cha kuyachomolea. Gurudumu la mbele linalozunguka pande zote ndilo linalopigwa kwanza kigari kinapoangushwa, na mhimili wake ukipinda kigari huvuta upande mmoja maisha yake yote. Vitu vilivyotolewa viingie kwenye begi la nguo, katikati ya nguo, si kwenye mfuko wa kigari, ambamo vyuma vitagongana vyenyewe kwa vyenyewe.

Vigari vyenye mota, feni au taa huwa na betri za lithiamu, na hapa suala si kigari tena, ni moto. Betri ya akiba na benki ya umeme haviruhusiwi kwenye mzigo unaokabidhiwa. Hukaa na abiria ndani. Betri isiyozidi saa-wati 100 kwa kawaida hupita, ya kati ya 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika, na inayozidi hapo haisafiri na abiria. Betri inayochomoka ichomolewe kabla kigari hakijakabidhiwa, langoni au kaunta.

Matairi ya upepo huwatia watu hofu isiyo na msingi. Sehemu ya mizigo ya ndege za abiria hutiwa presha kama sehemu ya watu, na presha hiyo hailegei kupita ile ya mahali penye mwinuko wa mita 2,400 hivi. Tairi lililojazwa chini litahisi ongezeko la takriban paundi 4 kwa inchi ya mraba, kiasi ambacho tairi zima hukibeba bila shida. Kupunguza upepo kidogo hakudhuru, lakini kuutoa wote huacha rimu bila kinga.

Baada ya kukunjwa, komeo lifungwe, kisha fremu izungushiwe mkanda au kamba sehemu mbili, ili komeo likiachia kigari kisifunguke kikiwa kwenye mkanda wa mizigo. Breki zifungwe kisije kikabingirika. Viungo ndivyo vizungushiwe kitu laini: taulo, shuka kuukuu, blanketi la mtoto. Kuna tabia ya kuzungusha kitu laini kwenye mpini na kusahau bawaba, kwa sababu mpini ndio unaoonekana. Mpini hukwaruzwa, bawaba huvunjika.

Kisha mfuko. Boksi la dukani ndilo kinga bora, kwa kuwa linabeba uzito wa juu kabla haujafika kwenye fremu, lakini wachache hulitunza. Mfuko wenye sponji uliotengenezwa kwa ajili ya kigari hushika nafasi ya pili. Mfuko mwembamba wa kitambaa hauzuii pigo, wala usinunuliwe kwa matumaini hayo. Kazi yake ni kuzuia uchafu, unyevu na kunaswa, na kuweka pamoja kitakachochomoka. Fundi cherehani anaweza kushona wa turubai kwa kazi ya siku moja, na kigari kidogo huenea hata kwenye lile begi la mistari linaloitwa shangazi kaja. Wazo la kutumia mfuko mkubwa wa plastiki wa taka, linalopendwa na wasafiri wa Ulaya na Marekani, halifai huku: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Agosti 2017 na Tanzania bara kuanzia Juni 2019, na marufuku hiyo humgusa pia msafiri anayeteremka uwanjani. Mfuko wa kigari usijazwe nguo wala viatu. Uzito ukiongezeka, pigo la kuanguka huongezeka, na mhudumu wa kaunta akigundua anaweza kukihesabu kigari kuwa begi la kulipiwa.

Kabla ya kufungwa, kigari kipigwe picha kikiwa wazi, pande zote, pamoja na magurudumu na namba ya toleo. Risiti ya ununuzi ipigwe pia. Jina na namba ya simu viandikwe juu ya mfuko na juu ya fremu yenyewe, kwa maana mfuko unaweza kuchanika.

Mwisho wa safari, ukaguzi ufanyike kabla ya kutoka kwenye ukumbi wa mizigo. Kigari kifunguliwe, kisukumwe hatua chache kikiwa kitupu, breki ijaribiwe, komeo litikiswe. Plastiki iliyogeuka nyeupe karibu na kiungo imeshapinda kupita kiasi na iko njiani kupasuka, hata kama ufa hauonekani. Kigari cha namna hiyo kisibebe mtoto mpaka fundi au muuzaji akitazame, kwani hatari kubwa ni kukunjika ghafla mtoto akiwa ndani.

Uharibifu ukionekana, taarifa itolewe kwenye dawati la mizigo la shirika na nakala yenye namba ichukuliwe. Safari nyingi za kimataifa zinatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama. Mkataba huo unampa abiria siku 7 tangu apokee mzigo kulalamika kwa maandishi juu ya uharibifu, na siku hizo zikipita bila maandishi dai hufa. Kikomo cha fidia, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, ni vizio 1,519 vya SDR, hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, sawa na takriban dola 2,000 za Marekani. Kiasi hicho ni cha mizigo yote ya abiria mmoja, si cha kigari peke yake. Mwenye mzigo wa thamani zaidi anaweza kutangaza thamani hiyo anapokabidhi na kulipia ada shirika likiitaka.

Langoni au kaunta, abiria huweza kuombwa asaini lebo inayosema shirika halitawajibika kwa kigari kisichofungashwa vizuri. Saini hiyo haifuti kila kitu. Kifungu cha 26 cha Mkataba hubatilisha sharti lolote linaloliondolea shirika wajibu wake au kushusha kikomo cha fidia. Kinachobaki mikononi mwa shirika ni kuthibitisha kwamba uharibifu ulitokana na kasoro ya kigari chenyewe, au kwamba uzembe wa abiria ulichangia, na ndipo picha zilizopigwa kabla ya safari huwa na kazi. Safari za ndani hufuata sheria ya nchi na masharti ya tiketi, yanayoweza kutofautiana na haya.

Fidia huwa ni matengenezo, au thamani ya kigari kilichokwisha kutumika, mara chache bei ya kipya. Shirika likikataa au likinyamaza, shauri laweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 2 tangu ndege ilipofika, katika nchi ya mwisho wa safari, yalipo makao ya shirika, au ilipo ofisi yake iliyouza tiketi.