Rangi ya nywele wakati wa tiba ya saratani: Kwa nini mgonjwa hushauriwa kusubiri

Mwanamke wa Ntimaru, katika Kaunti ya Migori, anapoanza matibabu ya saratani hulazimika kusafiri mbali. Hospitali kubwa zenye madaktari waliobobea katika maradhi hayo ziko Kisumu, Eldoret na Nairobi, na kila awamu ya dawa humrudisha njiani. Akirejea nyumbani, jambo la kwanza ambalo majirani hulitazama ni kichwa chake. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kichwa kilichonyolewa ni ishara ya msiba, hivyo basi kukatika kwa nywele huzua maswali kabla ya mgonjwa kuwa tayari kuyajibu.

Ndiyo maana suala la kupaka nywele rangi, ambalo kwa mtu mwenye afya ni la urembo tu, huwa na uzito mkubwa kwa mgonjwa. Kuna anayetaka kuficha mvi zilizochomoza. Kuna ambaye nywele zake zimepungua bila kuisha, naye anatamani zionekane nzito na nyeusi kabla ya kuhudhuria harusi au ibada. Rangi nyeusi ya unga, ambayo wengi huiita kanta, huuzwa kwa bei nafuu na hupakwa nyumbani kwa dakika chache. Je, ina madhara kwa mtu anayetibiwa saratani?

Ushauri ambao wataalamu wa saratani hutoa kwa jumla ni kwamba asubiri hadi tiba ikamilike na ngozi ya kichwa ipone. Hata hivyo, sababu zake hazijulikani vyema na wengi, na hofu nyingine zinazosambazwa hazina msingi.

Kinachotokea kichwani

Dawa za tibakemikali, ambayo wagonjwa wengi huiita kemo, hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi. Seli za saratani hugawanyika hivyo, lakini pia seli za mashina ya nywele. Kwa sababu hiyo nywele huanza kukatika wiki 2 hadi 3 hivi baada ya dozi ya kwanza. Si dawa zote zilizo sawa. Doksorubisini na paklitakseli, zinazotumiwa sana kutibu saratani ya matiti, aghalabu humaliza nywele zote, ilhali nyingine hupunguza tu wingi wake. Tiba ya mionzi nayo huondoa nywele mahali pale tu panapopigwa mionzi. Anayechomwa kifuani hapotezi nywele za kichwa kwa sababu ya mionzi hiyo.

Ngozi ya kichwa pia huathirika. Huwa kavu, nyembamba na yenye kuwasha, na mwasho mdogo huweza kuacha kidonda. Aidha, chembechembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili dhidi ya viini vya maradhi, hupungua, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi nyingi za kemo. Kidonda ambacho kwa mtu mwingine kingekauka chenyewe kinaweza kuwa mlango wa maambukizi yatakayoenea katika damu.

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe kwa mkazi wa Ntimaru. Homa ya nyuzijoto 38 au zaidi kwa mgonjwa wa kemo ni dharura inayotakiwa kushughulikiwa papo hapo. Aliye jirani na hospitali ya rufaa hufika haraka. Aliye mpakani mwa Kenya na Tanzania huenda akapoteza saa nyingi barabarani.

Rangi hufanyaje kazi?

Rangi za kudumu huwa na viambato vya aina mbili. Kuna amonia au kemikali inayofanana nayo, ambayo hufungua magamba ya unywele, na kuna haidrojeni peroksaidi, ambayo hufifisha rangi ya asili na kuiamsha rangi mpya ndani ya unywele. Rangi nyingi nyeusi huwa pia na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa PPD.

PPD inajulikana kote duniani kwa kusababisha mzio. Ngozi huwasha, huvimba na kutoa malengelenge. Wengine huvimba uso hadi macho yakafumba. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD katika rangi inapopakwa kwenye nywele. Mtu aliyetumia rangi ileile kwa miaka mingi bila tatizo hana hakika ya kubaki salama, kwa kuwa mzio unaweza kuanza wakati wowote.

Hali kadhalika, harufu kali ya amonia huweza kumchochea kichefuchefu mgonjwa ambaye tayari tumbo lake halitulii. Nywele zilizobaki nazo huwa dhaifu, na kemikali huzikata zaidi. Rangi iliyopakwa kwenye nywele za aina hiyo huenda isishike sawasawa au ikatoa rangi isiyotarajiwa.

Jambo moja lafaa kuwekwa wazi: hakuna ushahidi kwamba rangi ya nywele huzuia dawa za saratani kufanya kazi. Mgonjwa aliyepaka rangi kabla ya kujua haya asidhani kwamba ameharibu tiba yake, wala asikose kwenda kliniki kwa kuogopa kukemewa.

Hina na piko

Wengi huamini kwamba hina ni salama kwa kuwa ni ya asili. Hina halisi hutokana na majani yaliyosagwa, na rangi yake huwa ya machungwa au nyekundu ya kahawia. Kamwe haiwi nyeusi tii. Inayouzwa kama hina nyeusi mara nyingi imechanganywa na PPD. Katika Pwani ya Kenya na Zanzibar, piko inayotumiwa kuwachora maharusi mara nyingi hutengenezwa kwa rangi nyeusi ya nywele, na baadhi ya wanaochorwa hubaki na malengelenge na makovu. Mgonjwa asichukulie kila kinachoitwa hina kuwa kitu kimoja, na hata hina halisi isipakwe juu ya ngozi yenye vidonda.

Je, rangi husababisha saratani?

Swali hili huwasumbua wagonjwa wengi, hasa wanawake waliopaka rangi miaka mingi kabla ya kuugua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliamua kwamba kazi ya ususi na unyozi, ambamo mtu hugusa kemikali hizo kila siku, huenda ikasababisha saratani. Kuhusu mtu anayejipaka mwenyewe, shirika hilo lilisema kuwa ushahidi hautoshi kutoa hukumu.

Tafiti za baadaye zimetoa picha mchanganyiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 nchini Marekani, uliohusisha wanawake zaidi ya 46,000, ulionyesha kuwa waliotumia rangi za kudumu walikuwa na uwezekano wa juu kidogo wa kupata saratani ya matiti, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake weusi. Utafiti mwingine wa mwaka 2020, uliofuatilia wauguzi zaidi ya 117,000 wa nchi hiyo kwa miaka 36, haukuona ongezeko katika saratani nyingi, ingawa ulibaini ongezeko dogo katika aina chache. Wengi wa wauguzi hao walikuwa wazungu.

Kwa hivyo hakuna daktari anayeweza kumwambia mgonjwa mmoja mmoja kwamba rangi ndiyo iliyomletea saratani. Kujilaumu hakuna msingi. Kilicho na msingi ni tahadhari siku zijazo.

Lini aanze tena?

Nywele kwa kawaida huanza kurudi wiki chache hadi miezi michache baada ya dozi ya mwisho ya kemo. Zinaweza kurudi zikiwa laini, zenye mawimbi au zenye mvi kuliko zilivyokuwa, na mara nyingi hali hiyo hubadilika kadiri zinavyokua. Miongozo mingi hupendekeza kusubiri takriban miezi 6 baada ya kemo kabla ya kutumia rangi ya kudumu, na nywele ziwe zimefikia angalau sentimita 2 au 3. Aliyepigwa mionzi kichwani anahitaji idhini ya daktari wake, kwa kuwa ngozi yake huchukua muda zaidi kupona.

Siku hiyo ikifika, rangi kidogo ipakwe kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, kisha mtu asubiri saa 48. Ikiwa hapatakuwa na mwasho wala uvimbe, rangi isiyo na amonia na isiyodumu ndiyo ya kuanzia. Rangi ya nywele isipakwe kamwe kwenye nyusi wala kope, kwani huweza kudhuru macho. Dawa za kulainisha nywele nazo zinahitaji subira iyo hiyo.

Wakati wa kusubiri

Kuna njia za kujistahi zisizo na kemikali. Kukata nywele ziwe fupi kabla hazijaanza kudondoka hupunguza mshtuko. Anayetaka kunyoa atumie mashine iliyosafishwa badala ya wembe, ili asijikate. Kilemba au leso ya pamba hulinda ngozi dhidi ya jua. Wigi inafaa, mradi isibane, na nywele dhaifu zisisukwe kwa kukazwa.

La muhimu zaidi ni kusema. Msusi wa soko la Ntimaru hawezi kumkinga mteja ambaye hajamwambia kuwa anatibiwa, na muuguzi hawezi kujibu swali ambalo hakuulizwa. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Si lazima kijiji kizima kijue, bali watu wawili hao wajue: anayemgusa kichwa na anayemtibu. Nywele zitarudi, na rangi itapakwa siku nyingine. Homa iliyofichwa ili watu wasijue haitoi nafasi ya pili kwa urahisi.