Mpingo wa Kilwa: Msitu Unapokuwa Mali ya Kijiji

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa Kilwa na Lindi waliondokana na adha ya kusubiri kivuko cha Mto Rufiji. Safari ya Dar es Salaam, ambayo wakati wa masika ilikuwa ya kubahatisha, ikawa ya uhakika zaidi. Lakini njia iliyopitisha ufuta, samaki na wagonjwa wa rufaa ilipitisha pia malori ya magogo.

Magogo yaliondoka mengi. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, lilitoa ripoti kuhusu uvunaji wa kusini mwa Tanzania. Ilibainika kuwa mbao ambazo China iliandikisha kupokea kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile ambazo Tanzania yenyewe iliandikisha kusafirisha. Vijiji vilivyoishi na misitu hiyo kwa vizazi viliambulia kidogo mno.

Katika miti ya ukanda huu, mpingo una thamani ya pekee. Wamakonde huuchonga vinyago. Viwanda vya Ulaya na Japani huutengenezea klarineti na oboi. Moyo wake ni mweusi na mzito kiasi cha kuzama majini. Hukua polepole mno: mti unaovunwa leo huenda uliota miaka 70 au hata 100 iliyopita. Tena hupindapinda, hivyo sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa pumba kabla ya kupatikana kipande kisicho na ufa. Anayeukata ovyo anakata kitu ambacho wajukuu wake hawatakiona kikirudi.

Mabadiliko ya Kilwa yalianzia kwenye sheria ya Tanzania yenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikipa kijiji uwezo wa kutenga msitu ulio kwenye ardhi yake, kuutungia sheria ndogo na mpango wa usimamizi, kisha kuuvuna na kubaki na mapato. Haki ilikuwepo. Kuitumia ndiko kulikokuwa na kazi: kupima mipaka, kukubaliana na kijiji jirani, kuhesabu miti, kuchora ramani, kuandaa mpango utakaopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kukubaliwa na Halmashauri ya Wilaya. Kijiji cha wakulima wa ufuta na muhogo hakiwezi kubeba gharama hizo peke yake.

Hapo ndipo ubia wa kimataifa ulipopata maana. Shirika la MCDI, lenye makao yake Kilwa Masoko, lilitokana na utafiti wa mpingo ulioanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, katikati ya miaka ya 1990, na baadaye likawa shirika la Kitanzania. Mwaka 2009 lilipata cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha kuwa msitu unavunwa bila kuharibiwa. Kikole na Kisangi vikawa miongoni mwa vijiji vya kwanza kunufaika, na cheti hicho kilikuwa cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Kwa hesabu zilizotangazwa wakati huo, kijiji kilichokuwa kikipata senti 8 za dola kwa gogo moja kingeweza sasa kupata zaidi ya dola 19.

Wabia wengine walifuata. Norway, iliyosaini makubaliano na Tanzania mwaka 2008 kuhusu misitu na mabadiliko ya tabianchi, iligharimia mradi wa majaribio Kilwa wa kuuza kaboni inayohifadhiwa na msitu. Sehemu muhimu ya mradi huo ilikuwa kudhibiti moto. Moto wa mwishoni mwa kiangazi huunguza hata miti mikubwa, kwa hiyo wanakijiji huchoma nyasi mapema, zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali ukose cha kula. Kampuni ya Yamaha ya Japani nayo, kwa kushirikiana na shirika la misaada la nchi hiyo, JICA, imekuwa ikitafiti mpingo na kuupanda pamoja na MCDI. Makala Jasper, aliyekuwa akiliongoza shirika hilo, alitunukiwa Tuzo ya Whitley ya Uingereza mwaka 2016.

Si kila tumaini lilitimia. Soko la kaboni halikukua kwa kasi iliyotarajiwa, na wanunuzi wa mpingo wa klarineti ni wachache. Vijiji vimelazimika kutegemea pia mninga, mkongo na mpangapanga, miti inayouzwa humu humu nchini. Vilevile, thamani kubwa ya mpingo bado huongezwa mbali na Kilwa, kwenye karakana za ng'ambo. Ubia utakaoleta mashine na mafunzo ya kukata vipande vya ala hapa hapa pwani utakuwa na faida kuliko wa kupanda miche peke yake.

Hata hivyo, jambo la msingi limethibitika: wageni walileta utaalamu na soko, lakini msitu, kamati ya maliasili na uamuzi wa matumizi ya fedha vilibaki kijijini. Ndiyo maana wanakijiji wako tayari kufanya doria.

Adui wao mkubwa sasa ni mbao za magendo, ambazo huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu hazikulipiwa chochote. Kwa hiyo msomaji unayeagiza kitanda au mlango wa mninga, muulize fundi mbao hiyo imetoka msitu gani, na umwombe akuonyeshe risiti.