Umerithi Peugeot 504 ya Babu Huko Shika Adabu? Usipige Stata Kabla Hujasoma Hii

Tuseme uko Shika Adabu, na nyuma ya nyumba ya babu kuna Peugeot 504 imelala chini ya mwembe tangu ukiwa nasari. Mzee amekupa funguo. Fundi ashamaliza injini, na mbogi inapanga picha za kuposti. Imebaki kutia petroli na kupiga stata, ama?

Tulia kwanza, buda.

Hiyo ndai ina heshima yake. Ilitoka 1968, ikashinda Safari Rally 1975 na 1978, na nyingi ziliunganishwa hapa hapa Kenya. Lakini upepo wa chumvi wa Likoni haujali historia. Wasee wengi hukimbilia kusafisha kabureta. Dinga linanguruma siku mbili, la tatu linazima kwa foleni ya feri. Kisa? Kutu ya tangi imeteremka ikaziba kila kitu. Kwa hivyo anzia tangi, kisha songa mbele hadi injini.

1. Tangi
Chomoa waya wa betri. Mwaga petroli ya zamani kwa hewa wazi, mbali na jiko na sigara. Shusha tangi, umulike ndani kwa tochi. Kutu ikiwa kidogo, mimina siki, tumbukiza nati kadhaa, tikisa, acha ilale, tikisa tena. Suuza kwa maji yenye baking soda ili kuua makali ya siki, kisha likaushe chap chap kabla hewa ya pwani hailirudishii kutu. Na uhesabu nati ukizitoa. Moja ikibaki humo itakupigia ngoma hadi Lunga Lunga.

Limetoboka? Usikubali lichomelewe eti kwa sababu liko tupu. Tangi tupu ndilo noma zaidi, maana kinacholipuka ni mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa, na huo hubaki hata baada ya kumwaga. Mpe fundi anayejua kuutoa mvuke kwanza, ama tafuta tangi lingine.

2. Paipu
Raba zote za zamani, tupa. Zikikaa miaka hukauka na kupasuka. Nunua paipu ya petroli. Ile ya kumwagilia maua hulainika na kuvuja. Funga kila kiungo kwa klipu, na uzipitishe mbali na egzosi.

3. Filta
Weka mpya, na uangalie mshale: uelekee injini. Tangi likiwa limewahi kushika kutu, ibadilishe tena baada ya wiki chache.

4. Pampu
Pampu ya zamani husukumwa na injini, na ndani ina ngozi ya raba. Ikichanika, petroli inaingia kwa oili. Toa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, usiwashe: badilisha pampu na oili pia.

Ukitaka pampu ya umeme, chukua ya kabureta. Kabureta inataka presha ndogo, kama psi 2 hadi 4. Ile ya magari ya siku hizi inasukuma zaidi ya 40. Kabureta itafurika, petroli imwagike juu ya injini moto. Hapo ushajua kitakachofuata.

5. Kabureta
Sasa ndiyo zamu yake. Fungua, safisha vitundu vyote, weka gaskiti mpya. Tikisa boya. Likilia maji ndani, limetoboka.

6. Siku ya kujaribu
Tia lita chache tu. Kabla ya kuwasha, futa kila kiungo kwa tishu kavu. Ikilowa au kunuka, rudi ukaze. Weka kizimamoto karibu, na ndoo ya mchanga. Usimwagie maji moto wa petroli, unausambaza.

Hii si kukutisha. Kutoka Likoni kwenda tao utapanda feri, na pale mama na mtoto mgongoni watasimama karibu na boneti yako. Tone moja linalovuja si siri yako peke yako tena. Bora hiyo 504 ikae chini ya mwembe wiki moja zaidi.

Ukishamaliza, mzee ndiye wa kwanza kupelekwa Diani. Na akae mbele!