Umeme wa ziada ukigeuzwa mafuta (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye betri. Leo tulipime wazo linalosifiwa sana: kupasua maji kwa umeme wa jua, upepo au maporomoko, kukamata haidrojeni, kuihifadhi, kisha kuitumia kuzalisha umeme siku ya upungufu.

Tuhesabu kwa uniti zilezile za LUKU. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni hula uniti 50 hadi 55. Ndani yake hubaki uniti 33 hivi. Ukizirudisha kuwa umeme, unapata 16 au 17. Thuluthi mbili zimepotea njiani, na gharama ya kuishindilia kwenye matangi haijaguswa. Kwa shilingi 292 kwa uniti, bila kodi, umeme peke yake ni shilingi 14,600 kwa uchache, na nishati iliyomo ni ya lita tatu na ushei za dizeli. Ni kama kumwambia mwenye mashine ya kusaga pale Igoma au Buhongwa, Mwanza, anunue dizeli kwa shilingi 4,400 hivi kwa lita.

Betri hurudisha uniti tisa katika kumi. Wavuvi wengi wa dagaa ziwani wameacha karabai. Mchana wanachaji kwa sola, usiku taa inaelea majini. Betri inajilipa kwa kuwa inatumika usiku baada ya usiku, ingawa nayo hulala mbalamwezi ikikomaa, dagaa wasipofuata taa. Kumbe betri ni ghala la bei kubwa lenye upotevu mdogo, na tangi la gesi ni ghala la bei ndogo lenye upotevu mkubwa. Kwa kuvusha usiku mmoja, betri. Kwa kuvusha masika hadi kiangazi, betri itakufilisi.

Na masika tunayo. Mapema 2024 mvua zilizidi, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukawaka, Tanesco ikazima vituo vitano vya umeme wa maji kwa kukosa wa kuutumia. Sasa bwawa lina mitambo tisa, megawati 2,115. Lakini bwawa lenyewe ni ghala: maji yasiyopitishwa leo yatapitishwa Agosti. Ziada ya kweli ni ile ya bwawa lililofurika, nayo ni ya majuma machache. Mtambo wa haidrojeni unaowaka majuma machache kwa mwaka haurudishi mtaji wake.

Ninachokiamini ni haidrojeni ya kutengenezea amonia ya mbolea, kwa sababu hairudi tena kuwa umeme. Afrika iliwahi kuifanya kazi hiyo: Aswan, Misri, ilikoanza 1960, na Kwekwe, Zimbabwe, ambako Sable Chemicals walipasua maji kwa umeme wa Kariba. Umeme ulipoadimika na bei kuwashinda, mtambo ule ukazimwa mwaka 2015, na amonia ikawa ya kuagizwa kwa reli kutoka Afrika Kusini. Kwa hiyo atakayeleta mradi wa namna hii Kanda ya Ziwa aulizwe mapema: mkataba wake wa umeme ni wa miaka mingapi, kwa bei gani, na mtambo utawaka saa ngapi kwa mwaka?

(Itaendelea)