Kompyuta ya Kikundi Isitupwe

Je, kompyuta ya kikundi chenu ingali na Windows 10? Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa programu hiyo tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haitazimika. Lakini ni kama mtumbwi wa Dunga usiozibwa nyufa: waelea, huku maji yakiingia. Virusi vikipenya, hesabu za akiba na mikopo ya wanachama zaweza kupotea.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, mweka hazina anakili hesabu zote kwenye flashi, aiweke mbali na mashine. Pili, fundi aangalie kama mashine yakubali Windows 11; nyingi za zamani hukataa. Ikikataa, ipo Linux, ya bure, inayokwenda hata kwenye mashine kuukuu. Msikimbilie kununua mpya Kisumu kwa pesa za chama.