Moshi wa Isingiro: Kuni za Bure Hulipiwa na Nani?

Saa kumi na moja jioni, ukisimama juu ya kilima chochote cha Isingiro, wilayani Kyerwa, utaona moshi ukipenya kwenye mapaa katikati ya migomba. Kwa mbali unapendeza: ni dalili kwamba kila nyumba ina chakula. Teremka basi, uingie jikoni. Maharage yamebandikwa tangu saa tisa. Chini ya sufuria kuna mafiga matatu na ukuni wa mkaratusi uliokatwa wiki iliyopita, unatoa povu kwenye ncha isiyoungua. Mama anainama kuupuliza, mtoto akiwa mgongoni. Anakohoa, anafuta machozi kwa pindo la kitenge, anapuliza tena. Darini masizi yananing'inia kama nyuzi za buibui.

Moto huo haukununuliwa kwa shilingi hata moja. Kuni zimetoka pembezoni mwa kibanja, na ndiyo maana zinaitwa za bure. Makala haya yanapiga hesabu ya neno hilo, "bure", kwa sababu naamini ndilo linaloharibu mipango yetu mingi ya nishati safi. Kuni zina bei, ila bei yenyewe hailipwi kwa noti. Inalipwa kwa pumzi na kwa saa za mtu mmoja ndani ya nyumba, na mtu huyo kwa kawaida si yule anayeamua pesa itumike wapi.

Kinachovutwa

Hatari kubwa ya moshi haionekani kwa macho. Ni chembechembe zenye upana usiozidi mikroni 2.5, kama sehemu moja ya thelathini ya unywele, ambazo hupita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliteremsha kiwango kinachopendekezwa kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka mzima. Jikoni penye mafiga na dirisha dogo, wastani wa siku hufika mamia, na mama anapopuliza moto hupita hata 1,000.

Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwamo vya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano. Njia zake zinajulikana: nimonia kwa watoto, kiharusi, maradhi ya moyo, maradhi sugu ya mapafu na saratani ya mapafu kwa watu wazima. Kwa Tanzania, takwimu ambayo Serikali imekuwa ikiitaja ni vifo takribani 33,000 kwa mwaka.

Tuilete namba hiyo nyumbani. Sensa ya 2012 iliikuta Kyerwa, iliyokuwa imemegwa kutoka Karagwe mwaka huohuo, ikiwa na watu 321,026. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kama vifo 33,000 vingegawanyika sawasawa nchi nzima, Kyerwa yenye watu wale wa 2012 tu ingezika zaidi ya watu 170 kila mwaka, yaani mtu mmoja karibu kila baada ya siku mbili. Na watu wameongezeka tangu hapo. Ajali ya basi ikiua watu 20, taifa zima linasimama. Vifo hivi vinakuja kimoja kimoja, kwa majina ya kichomi, presha na pumu, na hakuna anayeandika "moshi" kwenye cheti.

Malori 46 yasiyoonekana

Sasa tupime moto wenyewe. Tuchukue watu watano kwa kila kaya: Kyerwa ya 2012 inakuwa na kaya kama 64,000. Tuseme kaya tisa kati ya kumi zinapikia kuni, na kila moja inaunguza kilo 8 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa familia inayochemsha maharage na ndizi. Jumla ni tani 460 kwa siku. Ni malori 46 ya tani kumi kumi, kila siku, bila kupumzika Jumapili wala sikukuu. Malori hayo hatuyaoni barabarani kwa sababu mzigo wake umebebwa vichwani.

Kwa kaya moja, kilo 8 kwa siku ni kilo 56 kwa wiki, karibu mizigo mitatu ya kilo 20. Mzigo mmoja ukichukua saa tatu kwenda, kukata, kufunga na kurudi, hizo ni saa 9 kwa wiki na 468 kwa mwaka. Zigawe kwa siku ya kazi ya saa nane: siku 58. Karibu miezi miwili ya kazi kila mwaka inaishia kwenye kuni, na sehemu kubwa ni ya mama na mabinti zake. Msomaji wa Isingiro achukue malipo ya kibarua ya kijijini kwake, ayazidishe kwa 58, kisha aniambie kama kuni ni za bure.

Kilo kwa kilo

Mbona basi watu hawahamii kwenye gesi? Wengi hudhani ni ujinga au mazoea. Hesabu inasema vingine.

Kilo moja ya kuni kavu ina nishati kama megajuli 16, lakini mafiga matatu huingiza kwenye sufuria karibu asilimia 12 tu. Zinazopika ni megajuli 2. Nyingine zinapasha hewa. Kilo moja ya gesi ina megajuli 45 na zaidi ya nusu huingia kwenye chakula: tuseme 25. Kwa hiyo kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo 12 na nusu za kuni, na mtungi wa kilo 6 unashindana na kilo 75 za kuni, yaani mizigo mitatu au minne ya kichwani. Kwa familia inayochemsha maharage, mtungi huo utakwisha kati ya siku 9 na wiki mbili.

Tukichukua shilingi 25,000 kama bei ya kujaza mtungi, gesi ya kupikia kila kitu ni kama shilingi 50,000 hadi 80,000 kwa mwezi. Mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu, si kwa wiki. Unapomwambia atoe 25,000 kuepuka mizigo minne ambayo haimtoi hata senti mfukoni, anakataa, na kwa daftari lake yuko sahihi. Daftari hilo lina kasoro moja tu: halina safu ya mapafu ya mkewe wala ya zile siku 58.

Mkaa, ambao wengi huuona kama hatua ya kupanda daraja, unapunguza moshi jikoni lakini unaongeza hasara msituni. Tanuri la udongo hula kilo 8 au zaidi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Ukizihesabu kuni hizo, chungu kilichopikwa kwa mkaa kimetumia miti karibu mara mbili na nusu ya chungu kilichopikwa kwenye mafiga. Na mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, ile inayowaua watu waliolala na jiko ndani wakati wa baridi.

Funzo kutoka ng'ambo ya Akagera

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu ndipo mipango mingi huteleza. Kwa miaka mingi tumegawa majiko banifu, tukaamini kwamba moshi ukipungua nusu, ugonjwa nao utapungua nusu.

Mwaka 2001 Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha utafiti walioufanya Laikipia, Kenya, kwa watu 345 wa kaya 55. Waliona kwamba maradhi ya njia ya hewa yanapanda haraka moshi unapoanza kuongezeka, kisha kasi hiyo inapungua moshi ukishakuwa mwingi sana. Maana yake ni kwamba aliye kwenye moshi mzito akipunguziwa nusu, bado yuko kwenye eneo la hatari. Mtu aliyezama mita tano, ukimwinua mita mbili hajapata pumzi. Matokeo ya Malawi yanaelekea hukohuko: majiko ya feni yaliyojaribiwa kwa watoto zaidi ya 10,000 hayakupunguza nimonia.

Kisha ukaja utafiti mkubwa wa gesi katika nchi nne, Guatemala, India, Peru na Rwanda, ukiwa na wajawazito 3,200. Kwa Rwanda ulifanyika Kayonza, ng'ambo ya Hifadhi ya Akagera, jirani zetu hasa. Waliopewa jiko na gesi bila malipo walivuta chembechembe kama mikrogramu 24, wakati waliobaki na kuni walivuta kama 70. Moshi ulishuka kwa theluthi mbili. Hata hivyo, uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana, wala nimonia kali ya watoto wachanga haikupungua kwa kiasi cha kupimika.

Wapo watakaosema basi tuache. Mimi nasoma tofauti. Mikrogramu 24 bado ni karibu mara tano ya kiwango cha 5. Mama aliyevuta moshi tangu utotoni hawezi kusafishwa kwa mimba moja, na jiko safi moja halimkingi na moshi wa jirani unaovuka migomba. Moshi unaondoka kwa kitongoji kizima au hauondoki. Jiko banifu ligawiwe kwa sababu linaokoa kuni na saa, na hilo ni jambo kubwa. Ila tusiwaahidi akina mama mapafu ambayo jiko hilo haliwezi kuwarudishia.

Umeme: namba inayonipa tumaini

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Safari ni ndefu: takwimu za Serikali zilionyesha kuni zikiwa asilimia 63.5 ya nishati ya kupikia, mkaa 26.2, gesi 5.1, na umeme 3 tu.

Huo umeme wa asilimia 3 ndio ninaoutazama. Presha kuka ya umeme huivisha maharage ya familia kwa kama nusu uniti. Mteja mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, au 122 pamoja na kodi na tozo. Chungu cha maharage kinakuwa shilingi 61. Familia ikipika kwa uniti 2 kwa siku, mwezi ni uniti 60 na shilingi 7,320, ikabakiwa na uniti 15 za taa na simu. Linganisha na gesi ya 50,000.

Kikwazo kiko mlangoni. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, lakini kutandaza nyaya ndani ya nyumba na kununua presha kuka ni fedha nyingi kuliko hapo, tena kwa mkupuo. Na mtandao wenyewe una kikomo. Mtoni Kagera, Murongo ikiwa upande wetu na Kikagati ikiwa upande wa wilaya ya Isingiro ya Uganda, kuna mtambo wa megawati 14 ambao nchi mbili zinagawana nusu kwa nusu. Megawati 7 zikizunguka saa 24 ni uniti 168,000, wakati kaya zetu 64,000 zingehitaji 128,000 tu. Zinatosha kwa siku, hazitoshi kwa saa: presha kuka 64,000 zikiwashwa pamoja saa kumi na moja jioni zinataka megawati 64. Maharage yakipikwa asubuhi yakapashwa jioni, tatizo hilo linapungua sana, na hiyo ni elimu isiyohitaji mtambo mpya.

Kwa asiye na waya karibu, Karagwe imeshaonyesha njia: shirika la MAVUNO na washirika wake wamejaribu biogesi ya samadi na vigogo vya migomba, ambayo tope lake hurudi kibanjani kuwa mbolea. Na kwa leo jioni hii, kuni zipasuliwe na kukaushwa chini ya paa, maharage yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, dirisha lipanuliwe, mtoto ashushwe mgongoni akae nje na dada yake.

Alipe nani kwanza

Wengine wameshalijibu swali hili. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliikuta Poland na miji 33 kati ya 50 yenye hewa chafu kuliko yote katika Umoja wa Ulaya, kwa sababu ya makaa ya mawe na kuni za majiko ya nyumbani. Jiji la Kraków nchini humo lilipitishiwa marufuku ya kuunguza makaa ya mawe na kuni Januari 2016, nayo ikaanza kutumika Septemba 1, 2019. Kabla ya marufuku kuanza kutumika, fedha za umma zililipia maelfu ya kaya kubadilisha majiko. Walilipa kwanza, wakakataza baadaye.

Mkakati wetu umekadiriwa kugharimu shilingi trilioni 4.6 kwa miaka kumi. Gawa kwa watu milioni 61.7: ni kama shilingi 7,450 kwa mtu kwa mwaka, au 32,000 kwa kaya ya watu wanne na ushei. Ni bei ya kujaza mtungi mmoja wa kilo 6 na chenji kidogo. Taifa linaweza kuzibeba fedha hizo. Mama wa Isingiro hawezi kuzitoa kwa mkupuo, na hapo ndipo kazi ya Serikali, halmashauri na vyama vya ushirika inapoanza: nyaya na presha kuka vikopeshwe, makato yafanyike msimu wa kahawa, kitongoji kwa kitongoji.

Mama yule bado ameinama. Povu limekauka, ukuni umeshika moto, maharage yanachemka. Amekwisha kulipia chakula hiki kabla hakijaiva. Ni zamu yetu kumpunguzia deni.