Zana zilizojificha ndani ya Linux nyepesi zinavyoweza kuokoa tarakilishi kuukuu

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Tarakilishi zilizoutumia hazikuzimika siku hiyo, lakini zile ambazo wenyewe hawakujisajili kwa nyongeza ya muda ziliacha kupokea marekebisho ya kiusalama. Nyingi kati ya mashine kuukuu haziwezi kupandishwa hadi Windows 11, kwa kuwa mfumo huo hudai vipuri vya kisasa zaidi.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Kerugoya na Embu, jambo hili lagusa riziki. Mwenye saiba anayewajazia wateja fomu za eCitizen, karani wa chama cha ushirika cha kahawa na mhazili wa shule aghalabu hutegemea tarakilishi zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika. Kabla ya kuzitupa, yafaa wakumbuke wosia wa wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao.

Njia mojawapo ya kuzifufua ni Linux iliyovishwa Xfce. Xfce ni meza ya kazi, yaani madirisha, menyu na vijiprogramu ambavyo mtumiaji huviona kwenye kiwambo. Ilianzishwa mwaka wa 1996 na Olivier Fourdan, na sifa yake kuu ni kutotumia nguvu nyingi za mashine. Hupatikana bila malipo katika mfumo wa Xubuntu na katika toleo mojawapo la Linux Mint.

Tatizo ni kwamba wengi wanaoijaribu huishia kwenye kivinjari cha intaneti na programu ya kuandikia barua. Kisha hutumia bando kutafuta mitandaoni programu ambazo tayari zimo ndani.

Chukua mfano wa Thunar, programu ya kupangia faili. Karani aliyepiga nakala za stakabadhi mia moja kwa skana hujikuta na faili zenye majina yasiyomwambia lolote. Akizichagua zote kwa pamoja na kubonyeza F2, hufunguliwa dirisha la kubadilisha majina kwa mkupuo. Humo aweza kuzipa namba za kufuatana, kuongeza tarehe au kuondoa neno fulani katika majina yote. Jina jipya huonyeshwa kando ya lile la zamani, na hakuna kinachobadilika hadi athibitishe. Kazi ya saa nzima humalizika kwa dakika chache.

Zana ya pili ni Catfish, ambayo husaka faili zilizopotea. Watu wengi hawajui kwamba inaweza kusaka si majina pekee bali pia maneno yaliyomo ndani ya faili za maandishi. Mhazili aliyesahau jina la orodha aliyoichapa muhula uliopita aweza kuitafuta kwa neno moja analolikumbuka.

Tatu, kuna kitafutaji cha programu. Katika mifumo mingi yenye Xfce, kubonyeza Alt na F3 kwa pamoja hukifungua. Mtumiaji huandika herufi chache tu na kuletewa programu anayoitaka, bila kupekuapekua menyu. Njia hii huwafaa hasa wenye kipanya kilichochakaa.

Nne, ipo zana ya kupiga picha ya kiwambo. Yaweza kupiga kiwambo kizima, dirisha moja au sehemu iliyochaguliwa. Aidha, yaweza kuagizwa isubiri sekunde kadhaa ili mtumiaji afungue kwanza menyu anayotaka ionekane. Mteja ambaye malipo yake yamekwama mtandaoni huweza kupewa picha hiyo kama ushahidi.

Tano ni msimamizi wa shughuli, anayeonyesha kila programu inatumia kiasi gani cha kumbukumbu. Mashine ikianza kusuasua, mwenyewe hutambua mara moja mla nguvu ni nani na kumfunga, badala ya kuzima tarakilishi na kupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa.

Zana ya sita inahitaji tahadhari. Clipman hutunza orodha ya maandishi yaliyonakiliwa, hivyo mtu hahitaji kurudia kunakili jambo lile lile. Lakini katika saiba, orodha hiyo yaweza kubeba namba za vitambulisho na hata nywila za wateja, na mteja wa pili akaziona. Mwenye saiba hana budi kuifuta kila mteja anapoondoka, au kuiondoa zana yenyewe kwenye upau. Ikumbukwe kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Hata hivyo, wepesi wa Xfce una mipaka. Meza nyepesi haifanyi kurasa za intaneti kuwa nyepesi. Kivinjari kilichofunguliwa kurasa ishirini bado kitaielemea mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Vilevile, majedwali ya Microsoft Excel yenye amri maalumu ndani yake huenda yasifanye kazi sawasawa katika LibreOffice. Isitoshe, matoleo ya sasa ya Xubuntu na Linux Mint hudai tarakilishi ya biti 64, kwa hivyo mashine kongwe zaidi hazitayakubali.

Kwa sababu hizo, isiwe papara. Mifumo yote miwili huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo katika diski ya tarakilishi. Mwenye mashine na ajaribu kwa njia hiyo kwanza: printa yake inachapa? Skana inatambuliwa? Intaneti inapatikana? Faili zake za hesabu zinafunguka? Akiridhika, ahifadhi nakala ya faili zake zote mahali pengine, ndipo aweke mfumo mpya.